Sumukuvu kwenye mahindi, karanga na vyakula vya mifugo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelengwa kwa mkulima, mfugaji, mwenye mashine ya kusaga, mchuuzi wa nafaka na mzazi mwenye mtoto anayeanza uji. Kama kuna mgonjwa nyumbani sasa hivi, anza na swali la dalili kwa binadamu, mengine yasubiri.

Sumukuvu ni nini hasa?

Ni sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus na nduguye Aspergillus parasiticus. Kitaalamu sumu yenyewe ni aflatoksini. Wapo wanaotumia neno sumukuvu kwa sumu zote za kuvu, lakini hapa tunamaanisha aflatoksini.

Iligunduliwa kupitia mifugo. Mwaka 1960, Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana, na kwa kukosa jina watu wakayaita ugonjwa X. Uchunguzi uliishia kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil waliyokuwa wakilishwa. Baadaye ilijulikana kuwa kuna aina nne kuu: B1 na B2, zinazong'aa buluu zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, na G1 na G2, zinazong'aa kijani. B1 ndiyo kali kuliko zote. Mnyama au mama akiila, mwili huigeuza kuwa M1, na hiyo hutoka kwenye maziwa.

Mahindi yangu ni meupe, hayana ukungu hata kidogo. Si salama hayo?

Huwezi kujua kwa macho. Kuvu inaweza kutengeneza sumu ndani ya punje, kwenye kiini, halafu ikafa punje zilipokauka. Vumbi la kijani likapeperuka wakati wa kupepeta, sumu ikabaki. Haina rangi, harufu wala ladha ya kukuonya kwa kiwango kinachodhuru. Na kinyume chake pia ni kweli: mahindi yanaweza kuwa na ukungu wa aina nyingine usiotoa aflatoksini kabisa.

Fikiria kiwango chenyewe. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu aflatoksini kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na B1 peke yake isizidi 5. Kwa gunia la kilo 100, hiyo mikrogramu 10 kwa kilo ni miligramu moja tu kwa gunia zima, sawa na chembe chache za chumvi laini. Jicho litaonaje kitu hicho?

Hata hivyo, macho yana kazi yake. Punje zenye vumbi la kijani-njano, zilizotobolewa, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizovunjika ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia. Ukizitoa, unapunguza sana. Huwezi tu kusema umemaliza.

Kuna muhindi wenye ukungu wa pinki. Nao ni huohuo?

Hapana. Ukungu mweupe unaoelekea pinki kwa kawaida ni Fusarium, na sumu yake kubwa ni fumonisini. Nayo si ya kuchezea: huharibu ubongo wa farasi na punda, na hujaza maji mapafu ya nguruwe. Aspergillus flavus hutambulika kwa unga wa kijani kibichi kinachoelekea njano au rangi ya zeituni, mara nyingi kuanzia ncha ya gunzi ambako ganda halikufunika vizuri au mdudu aliingilia. Gunzi lenye ukungu wowote kati ya hizo lisiliwe wala lisilishwe.

Inaingia lini, shambani au ghalani?

Kote kuwili. Wengi hulaumu ghala tu, na hapo ndipo wanapokosea. Kuvu hii inaishi kwenye udongo na kwenye mabaki ya mazao: mabua, magunzi, maganda ya karanga. Mahindi yakitoa ndevu, vijimbegu vyake hupeperuka na kuingia kwa njia ya ndevu hizo, au kwa matundu ya funza na viwavi. Mmea wenye nguvu hujikinga. Mmea uliokaukiwa na maji wakati punje zinajaa, huku jua likiwa kali, hushindwa. Ndiyo maana maeneo makavu kama Dodoma, Manyara, Makueni na Kitui hutajwa sana.

Karanga zina shida ya ziada, kwa sababu ganda lake linakua ndani ya udongo ambamo kuvu inaishi. Ukame wa wiki 4 hadi 6 za mwisho kabla ya kung'oa ndio hatari zaidi: udongo unapata joto, ganda linapasuka, kuvu inaingia.

Shambani, kinachosaidia ni kupanda mapema kwa mbegu inayokomaa ndani ya mvua za eneo lako, nafasi inayofaa ili mimea isigombanie maji, kuwadhibiti viwavi mapema, na kutopanda mahindi baada ya karanga au karanga baada ya mahindi mwaka hadi mwaka. Mabaki ya msimu uliopita yenye ukungu yaondolewe.

Aflasafe inafanyaje kazi, na inawekwaje?

Aflasafe ni bidhaa ya kumwaga shambani inayopambana na kuvu kwa kuvu. Kwenye udongo wetu wapo ndugu wa Aspergillus flavus ambao kwa asili hawana uwezo wa kutengeneza sumu. Watafiti wa IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za tropiki) na washirika wao waliwachagua, wakawapandikiza kwenye mtama uliokaangwa ili usiote, na mtama huo ukatiwa rangi ya buluu ili mtu asiufananishe na chakula. Ukiusambaza shambani, kuvu wasio na sumu wanatangulia kuenea na kukamata nafasi, na wale wenye sumu wanakosa pa kukaa. Kila nchi ina aina zake: Kenya inatumia KE01, Tanzania TZ01 na TZ02.

Kipimo ni kilo 4 kwa ekari, kilo 10 kwa hekta. Kwenye mahindi mwaga kwa mkono wiki 2 hadi 3 kabla ya mbelewele kutoka, baada ya palizi ya mwisho, udongo ukiwa na unyevu. Kwenye karanga fuata muda ulioandikwa kwenye mfuko.

Yanayoharibu kazi yake ni matatu. Kumwaga kwenye udongo mkavu: kuvu haiamki, na siku zinavyopita ndege na chungu wanakula mtama wako. Kupalilia baada ya kumwaga: unaufukia. Na kuchelewa hadi mahindi yameshatoa ndevu: mwenye sumu kashawahi. Ikitumika sawasawa hupunguza sumu kwa asilimia 80 na zaidi, na kinga yake huendelea hadi ghalani. Lakini haikaushi mahindi, wala haifukuzi dumuzi, yule mdudu mtoboa nafaka.

Nivune lini na nikaushe vipi?

Mahindi yamekomaa pale ukichomoa punje na kuikwangua kwenye kitako chake, unakuta doa jeusi. Hapo bado yana unyevu wa theluthi moja hivi, lakini hayaongezeki tena. Kuyaacha yakauke yakiwa yamesimama ni sawa kama jua lipo. Kama mvua inarudi au mabua yanalala chini, vuna na uyakaushie nyumbani.

Ukivuna, usiyarundike. Rundo la mahindi mabichi hupata joto lenyewe ndani ya siku moja. Ingiza mkono katikati utalisikia. Joto hilo na unyevu ndio makazi ya kuvu. Anza kukausha siku ileile.

Usikaushe juu ya udongo mtupu. Udongo ndio makao ya kuvu, na usiku unarudisha unyevu kwenye punje. Tandika turubai, au tumia sakafu ya saruji iliyofagiwa, au kichanja. Magunzi yakaushwe kwanza yakiwa hayajapukuchuliwa, kwenye kihenge chembamba kinachopitisha upepo. Kisha pukuchua. Usiyapige na fimbo ndani ya gunia: kila punje inayopasuka imefunguliwa mlango. Pukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri, halafu tandaza punje unene wa sentimeta 4 hadi 5, uzigeuze kila nusu saa hadi saa nzima. Jioni kusanya na funika, asubuhi umande ukishakauka tandaza tena. Jua likiwa zuri ni siku 3 au 4.

Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13 hadi 13.5 kwa mahindi, na 7 hadi 8 kwa karanga zilizomenywa.

Sina kipimo cha unyevu. Nitajuaje?

Kuuma kwa jino na kusikiliza mlio wa punje kunategemea mtu, na wengi hujidanganya. Tumia chumvi:

1. Chukua chupa ya kioo ya ujazo wa robo tatu ya lita, yenye kifuniko, kavu kabisa.
2. Kausha chumvi ya kawaida juani au kikaangoni mpaka isigande, iache ipoe.
3. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko vikubwa 2 hadi 3 vya chumvi, funga.
4. Tikisa kwa nguvu dakika moja, acha itulie dakika 15.
5. Tazama ukuta wa chupa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yamezidi unyevu wa asilimia 15: rudisha juani.

Chumvi isipoganda, maana yake yako chini ya 15, si lazima yawe yamefika 13. Kwa hiyo ongeza siku moja ya jua kamili kabla ya kuyahifadhi. Kinachoharibu jaribio hili mara nyingi ni chumvi yenyewe: imetoka pakiti iliyokaa wazi, ina unyevu wake, inaganda hata mahindi yakiwa makavu. Na rudia kwa punje za katikati ya rundo na za pembeni, hazifanani.

Nikiyakausha hadi 13 napoteza uzito, na mnunuzi halipii ukavu. Nifanyeje?

Ni malalamiko ya haki. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zikishuka hadi 13 zinabaki kilo 92. Hizo kilo 8 zilikuwa maji, lakini mzani ulikuwa unazilipa. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa mbichi na makavu anamwadhibu aliyekausha.

Jibu la kweli ni kuuza kwa yule anayepima. Wasagaji wakubwa na wasafirishaji wa nje hawapokei mahindi mabichi. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua kwa masharti, mojawapo likiwa kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni, ambazo ndizo zile mikrogramu 10 kwa kilo. Wakulima wakijikusanya kwenye kikundi, wakawa na kipimo kimoja cha unyevu na shehena ya kutosha, wanaweza kudai bei ya ubora. Mmoja mmoja kwa debe, hawezi. Na kile unachobakiza cha kula nyumbani kisihusishwe na hesabu hiyo hata kidogo: kikaushe.

Mifuko isiyopitisha hewa inaua sumukuvu?

Haiui sumu iliyokwisha kuingia. Inazuia isiongezeke. Mfuko wa tabaka tatu una mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na wa nje wa kusuka. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanakufa, na kuvu nayo inakosa pumzi. Hiyo inakuondolea dumuzi bila dawa, na dumuzi ndiye anayetoboa punje na kuiongezea unyevu.

Kagua kila mfuko wa ndani kama una tundu: ujaze hewa, ubane mdomo, ubonyeze. Jaza mahindi makavu, toa hewa ya juu, sokota mdomo wa mfuko wa ndani, ukunje, ufunge kwa kamba. Kisha wa pili, kisha wa nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Usiufungue kila siku kuchota chakula. Tenga gunia la kula, mengine yabaki yamefungwa.

Kosa kubwa ni kuweka mahindi mabichi. Hapo mfuko unageuka kuwa pipa la kuvundika.

Karanga zina mambo yake?

Zina, na kuna tabia moja tunayoomba iachwe leo: kunyunyizia karanga maji ili maganda yalainike na kumenya kuwe rahisi. Ndani ya saa chache punje iliyokauka kwa jasho la wiki mbili imerudi kuwa mbichi, na baada ya hapo inafungwa kwenye gunia. Mkono unauma kumenya makavu, ni kweli. Tumia mashine ndogo ya mkono, au mnunuzi azichukue na maganda.

Kujua zimekomaa, ng'oa mashina machache, pasua maganda 10, tazama ukuta wa ndani. Yakiwa 7 au 8 yamekuwa na rangi ya kahawia iliyokolea au weusi, ng'oa. Pindua mashina maganda yakae juu, yapigwe na upepo na jua siku 2 au 3, kisha chambua. Zilizokatwa na jembe zitenge palepale shambani. Hifadhi zikiwa na maganda, menya kadiri unavyohitaji.

Wakati wa kuchambua, ondoa zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizoota, zilizotobolewa, na zile ambazo ngozi yake imebadilika rangi. Punje ikiwa chungu mdomoni, iteme. Funika pua na mdomo unapochambua zenye vumbi.

Sasa, zile mbovu zinakwenda wapi? Mara nyingi sana zinasagwa. Karanga ya unga au ya siagi inaficha kila kitu. Nunua karanga nzima, chambua mwenyewe, ndipo usage.

Nikipika ugali vizuri, nikakaanga karanga, si sumu inakufa?

Haifi. Kuvu inakufa, sumu haifi. Aflatoksini huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, na ugali unaochemka hauvuki 100 na kidogo. Kukaanga karanga hupunguza sehemu tu. Kuchachusha pia hakutoshi: togwa, busaa au pombe ya mahindi yaliyooza hubaki na sumu, na machicha yake vilevile. Wale wanaosema mahindi yaliyoharibika yanafaa kwa pombe wanawapa watu sumu kwenye kata.

Kukoboa kunasaidia?

Ndiyo, na ni njia yenye nguvu kuliko nyingi zilizo mikononi mwa mtu wa kawaida. Sumu hukaa zaidi kwenye kiini na ganda la punje. Ukichambua, ukakoboa na kuosha kabla ya kusaga, sembe inayopatikana ina sumu kidogo sana kuliko dona ya mahindi yaleyale. Dona ina lishe zaidi, hatuikatai. Ila itoke kwenye mahindi makavu yaliyochambuliwa, si ya kuokoteza.

Lakini sumu iliyotoka kwenye sembe haikupotea. Iko kwenye pumba. Na pumba zinapakiwa kwenda kwa kuku na ng'ombe. Vivyo hivyo kwenye kukamua mafuta: mafuta hubeba kidogo, mashudu hubaki na sehemu kubwa. Tunachokataa mezani tunakihamishia bandani, kisha kinarudi mezani kwenye glasi ya maziwa.

Kuku wangu wamechanjwa na bado wanakufa. Inaweza kuwa chakula?

Inaweza. Sumukuvu kwa kiwango kidogo haiui kwa ghafla, inadhoofisha kinga. Chanjo ya Mdondo au Gumboro inatolewa kwa usahihi, lakini mwili wa kifaranga haujengi kinga ya kutosha. Mfugaji analaumu chanjo. Ishara nyingine ni kula kidogo, ukuaji usiolingana kwenye kundi moja, mayai kupungua, na michubuko ya damu kwenye nyama. Ukipasua kuku aliyekufa, ini limevimba, limefifia rangi na kuwa na unjano, linavunjika kirahisi mkononi. Magonjwa mengine yanaweza kufanana na hayo, hivyo mwite daktari wa mifugo na uhifadhi kilo kadhaa za chakula kilekile walichokula.

Vifaranga wa bata na batamzinga ndio dhaifu kuliko wote. Chakula ambacho kuku wa mayai anakivumilia kinaweza kufyeka bata wadogo. Mbwa naye hana ustahimilivu: ugali wa mahindi mabovu huua mbwa haraka, na mbwa au kuku wakifa nyumbani baada ya kufungua gunia jipya, acheni kula gunia hilo siku hiyohiyo.

Vinyonya sumu vya udongo kama bentonaiti, vikichanganywa na chakula kwa kipimo cha mtengenezaji, hufunga aflatoksini tumboni isiingie mwilini. Vinasaidia. Havigeuzi chakula kilichooza kuwa chakula. Dawa za kuzuia ukungu nazo zinazuia kuvu mpya tu, sumu ya zamani hazigusi.

Na ng'ombe wa maziwa?

Ng'ombe mkubwa anastahimili kuliko kuku, kwa hiyo mfugaji haoni ugonjwa. Wanaopata shida ni wanywaji. M1 huonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja tangu ale chakula kibovu. Kati ya asilimia 1 na 2 ya B1 aliyokula hutokea huko, na kwa ng'ombe anayetoa maziwa mengi inaweza kufika 6. Kuchemsha hakuiondoi. Kwenye jibini inakolea zaidi kwa sababu hushikamana na protini ya maziwa. Kiwango cha juu kwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 0.5 kwa kilo. Ulaya wamekaza hadi 0.05.

Habari njema ni kwamba hutoka upesi. Badilisha chakula, na baada ya siku 3 hadi 4 maziwa husafika. Kwa hiyo kagua mashudu ya pamba, mashudu ya alizeti, pumba na mabaki ya mkate. Yasiwe na mabonge, yasiwe na joto ndani, yasinuke uvundo. Nunua ya kutumia kwa wiki chache tu, weka juu ya chaga, kunjua mdomo wa gunia upate hewa.

Dalili kwa binadamu ni zipi?

Kwa dozi kubwa ya ghafla: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na kutapika, maumivu ya tumbo, macho na ngozi kuwa ya njano, mkojo mweusi, miguu na tumbo kuvimba, kisha kuchanganyikiwa. Ini limeshindwa. Watoto hutangulia. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini; hospitali husaidia mwili uvumilie, na mapema ni bora. Mpeleke mgonjwa mara moja, beba kilo moja ya chakula mlichokula, na familia nzima iache kukila. Wakiugua wengi wa nyumba moja, usikubali haraka maelezo ya kurogwa au homa ya manjano kabla chakula hakijapimwa.

Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi Makueni na Kitui. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba wanamolala badala ya ghalani. Tanzania mwaka 2016, Dodoma na Manyara, waliugua 68 na 20 wakafariki.

Madhara ya polepole yanaua zaidi bila kupiga kelele. Ini linapojaribu kuivunja B1 hutengeneza kitu kikali kinachojibandika kwenye vinasaba, na baada ya miaka huweza kuwa saratani ya ini. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari hiyo huongezeka mara nyingi. Chanjo ya mtoto ya homa ya ini B, iliyomo kwenye chanjo mchanganyiko ya wachanga, kwa hiyo inapunguza madhara haya ya sumukuvu pia.

Mtoto anaanza uji wa lishe. Nichanganye nini?

Uji wa lishe wenye mahindi, karanga na nafaka tano sita unasifiwa, lakini mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayoshika sumukuvu kuliko mengine tuliyonayo jikoni, na mtoto wa kilo 8 anakunywa mara tatu kwa siku. Tafiti za Afrika zimeonyesha uhusiano kati ya sumu hii na udumavu. Tumia ulezi au mchele kama msingi. Protini itoke kwenye yai, dagaa au maharage yaliyosagwa. Karanga ukizitaka, zichague punje kwa punje, kaanga na usage mwenyewe, kiasi cha wiki moja. Uwe mchanganyiko mdogo unaoisha upesi, si ndoo ya miezi mitatu.

Mama asiache kunyonyesha kwa kuogopa M1. Ziwa lina sumu kidogo mno kuliko uji wa mahindi utakaochukua nafasi yake.

Nipime wapi, na kwa nini vipimo vya gunia moja vinapishana?

Kwa sababu sumu haikusambaa sawa. Punje chache kati ya maelfu zinaweza kubeba karibu yote. Ukichota konzi moja juu ya gunia, umepima bahati. Piga bambo, mrija wenye ncha wa kuchotea sampuli ndani ya gunia: shehena isiyozidi magunia 10, kila gunia; kati ya 10 na 100, magunia 10 yaliyochaguliwa bila mpangilio; zaidi ya 100, kipeuo cha pili cha idadi yote. Ingiza bambo juu, katikati na chini. Changanya, pata kilo 1 hadi 10 kulingana na ukubwa wa shehena, saga yote, ndipo uchukue ya kupimia. Anayechukua gramu 50 za punje nzima na kuzipima ametupa fedha.

Vipande vya kupimia vya haraka hutoa jibu ndani ya dakika chache na vinafaa ghalani. Taa ya urujuanimno inayouzwa kama kipimo inaonyesha mng'ao wa dutu nyingine inayotolewa na kuvu hiyo. Inakuelekeza pa kutilia shaka, haikupi namba.

Gunia limeonekana lina sumu. Nikilichanganya na mazuri?

Piga hesabu. Gunia moja lenye mikrogramu 1,000 kwa kilo, ukilichanganya na magunia 49 safi kabisa, unapata magunia 50 yenye 20 kila moja. Yote yamevuka kiwango. Umegeuza hasara ya gunia moja kuwa ya hamsini.

Usilishe nguruwe, usitengeneze pombe, usimuuzie mtu wa chakula cha kuku. Mwone afisa kilimo au afya wa kata ili liharibiwe kwa utaratibu. Likiwa la nyumbani na dogo, fukia kwenye shimo refu mbali na kisima, mahali ambapo kuku na mbwa hawatafukua. Gunia lenyewe usilitumie tena. Fagia ghala, toa vumbi la pembeni na punje zilizojificha kwenye nyufa, acha milango wazi jua liingie siku kadhaa, ndipo uweke mavuno mapya.